Minecraft ya simu: nyuki, mbwa mwitu, dubu na nguruwe wa Nether wanatumaliza. Tunakosea wapi?

Isevya_4G (Tabora)

Wakuu, mwangaluka.

Tunacheza wanne kwa hotspoti moja, Minecraft ya simu (Bedrock), dunia ya survival, ugumu wa kawaida. Zombi na kripa tumeshawazoea. Wanaotumaliza ni wanyama, tena wale ambao kila mtu anasema hawana neno.

1. Nyuki. Tukivuna kwa mkasi wanatoka wote, tunabaki na nusu moyo wa uhai, halafu kwaheri. Na sisi ni watu wa Tabora, hii ni aibu.
2. Mbwa mwitu. Wanajipitia zao, ghafla kundi zima linageuka. Kila mmoja wetu anaapa hajawagusa.
3. Dubu wa barafuni. Leo mpole, kesho anakufuata toka mbali kama unamdai.
4. Hoglini, wale nguruwe wa Nether (ile dunia ya pili ya moto na lava). Anakurusha juu, unatua kwenye lava, vitu vyote vimekwenda.

Tuna panga za chuma, ngao mbili na upinde mmoja. Ugumu hatutaki kushusha. Naomba maelekezo ya vitendo, siyo "muwe makini".

---

mrina_wa_Sikonge

Nianze na nyuki, maana hilo la aibu limetugusa wengi huku.

Waliotengeneza mchezo huu wamefuata kanuni ileile ya mrina asali yeyote: kama hujafukiza, usiguse mzinga. Mnachohitaji ni moto wa kambi mmoja. Vijiti 3, makaa 1 (ya mawe au ya magogo, yote yanakubali), magogo 3. Unauweka chini ya mzinga, wima kabisa, usizidi bloku 5 kwenda chini, na katikati pasiwe na bloku inayoziba moshi. Hapo kwenye "wima kabisa" ndipo wengi wanapoangukia. Ukiuweka pembeni hata kwa bloku moja, macho yako yataona moshi unapanda jirani na mzinga, lakini mchezo hauoni kitu. Unavuna ukijiamini, wanatoka watatu.

Kosa la pili ni kuubana moto juu sana, karibu kugusa mzinga. Nyuki anayeingia au kutoka akipita kwenye bloku ya moto anaungua, na nyuki ana mioyo 5 tu. Chimba shimo la bloku moja chini ya mzinga, tumbukiza moto humo. Ukipima ukaona umevuka bloku 5, pandisha moto juu ya bloku ya udongo.

Msije mkatumia kiberiti cha jiwe kuwasha moto wa kawaida mkidhani ni njia ya mkato. Huo unasambaa, na mzinga wa asili pamoja na mti wake vyote vinashika. Moto wa kambi hausambai, na mvua haiuzimi. Kuna wanaoweka robota la majani makavu chini ya moto ili moshi upande juu zaidi. Moshi utapanda kweli, ni alama nzuri ya kuonyesha nyumba iko wapi, lakini ile bloku 5 ya kutuliza nyuki haiongezeki.

Mavuno: subirini mpaka asali ionekane ikidondoka usoni pa mzinga. Kabla ya hapo mkasi hautoi kitu. Ukiwa umejaa, mkasi unakupa masega 3, chupa tupu inakupa chupa 1 ya asali. Kwenye simu angalia usikandamize kidole muda mrefu, maana kukandamiza ni kuvunja. Mzinga wa asili ukivunjwa na kifaa kisicho na Silk Touch (uchawi wa kifaa unaotoa bloku nzima) haubaki kitu mkononi, na waliokuwemo wanatoka.

Kuhamisha mzinga kwenda nyumbani: shoka lenye Silk Touch, usiku au mvua ikinyesha, kwa sababu nyakati hizo nyuki wanarudi ndani. Mzinga hubeba nyuki 3, si zaidi. Wakishaingia wote, moto uwe chini, kata, unaondoka na mzinga na nyuki wake ndani. Masega yakishapatikana mnaweza kutengeneza mizinga yenu wenyewe: mbao 6, masega 3. Huo ndio mwisho wa kuzunguka porini.

Sasa kwa nini mnakufa, maana hilo hamjaliuliza vizuri. Mwiba wenyewe unachukua kama moyo 1. Kinachofuata ni sumu: sekunde 10 kwenye ugumu wenu, sekunde 18 kwenye ugumu wa juu, na kwenye ugumu wa chini hakuna kabisa. Sumu hiyo haiui. Itakushusha mpaka nusu moyo na kukuacha hapo. Anayekumaliza ni nyuki wa pili, aliyekukuta na hiyo nusu. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuzuia mwiba unaofuata, tiba inakuja nyuma yake. Ingia ndani ufunge mlango, au chimba chini bloku 2 ujifunike kichwani. Nyuki aliyekwisha kuuma hufa mwenyewe baada ya kama dakika 1, kwa hiyo muda uko upande wako. Kuwapiga panga ni kosa, kila unayempiga anaamsha wengine walio karibu.

Tiba: chupa ya asali inafuta sumu papo hapo na inaongeza shibe. Ndoo ya maziwa nayo inafuta, lakini inafuta na dawa nzuri ulizokunywa, na kila ndoo inakula nafasi yake kwenye begi. Chupa za asali zinakaa 16 kwenye nafasi moja. Mtu anayeenda porini na maziwa badala ya asali, sijui anafikiria nini.

Mkitaka kuacha kabisa habari ya kuvizia, wekeni kitoa-vitu (mawe 7, upinde 1, vumbi jekundu la redstone 1) kinachotazama mzinga, ndani yake mkasi, na kitufe. Kikivuna chenyewe, nyuki hawakasiriki hata bila moshi.

---

Ujiji_Redstone (Kigoma)

Hapo juu amemaliza nyuki. Mimi nachukua mbwa na dubu.

Isevya, mnaposema hamjawagusa, nawaamini, na bado mmewagusa. Tatizo ni kidole. Kwenye simu, kama mpangilio wa vidhibiti ni ule wa kugusa popote kwenye kioo, mguso mfupi juu ya mnyama ni pigo. Unataka kuweka bloku, mbwa anapita mbele ya kidole, umempiga. Nendeni kwenye mipangilio, sehemu ya mguso, mbadilishe mtumie ule wa msalaba wa katikati. Hapo pigo linakwenda pale msalaba ulipo tu, siyo pale kidole kilipoangukia. Mtahangaika siku mbili kuuzoea, ila ugomvi na mbwa utapungua sana.

Chanzo cha pili ni mshale uliokosa. Unamlenga skeletoni (yule adui wa mifupa), mshale unampata mbwa nyuma yake. Akipigwa mmoja, wale wa mwituni walio karibu wote wanaingia kwenye ugomvi, hata mshale uwe wa bahati mbaya. Dalili ni macho mekundu na mkia uliosimama. Akishafika hapo mfupa haumtulizi.

Kabla hajakasirika, mfupa ndiyo silaha yenu bora. Kila mfupa una nafasi moja kati ya tatu ya kumfuga. Beba 10, ni mara chache sana ikaisha yote bila kupata. Mifupa inatoka kwa skeletoni, 0 mpaka 2 kila mmoja. Mbwa mwitu wa porini ana mioyo 4. Akishafugwa, tangu toleo la 1.20.80 la Aprili 2024, anapanda mpaka mioyo 20. Kwa maneno mengine, kila mbwa mnayemuua mngeweza kumgeuza mlinzi mwenye uhai mara tano ya aliokuwa nao.

Toleo hilohilo lilileta aina mpya za mbwa kulingana na mahali. Hapo mkae chonjo: kwenye savana iliyoinuka, yenye migunga, kuna wenye madoa (kwa kweli wanafanana na mbwa mwitu wetu wa huku kuliko wale wa Ulaya), na wanazaliwa kundi la 4 mpaka 8. Kwenye misitu ya baridi kundi huwa dogo. Watu wanajenga savana kwa sababu ni tambarare na mandhari yake wanaifahamu, wanapiga mmoja, wanashangaa nane.

Ikishatokea:

Msikimbie wazi. Hamtawaacha, na mgongo hauna ngao. Tafuta ukuta, pembe ya mawe, au ingia kwenye shimo la upana wa bloku moja ili waje mmojammoja. Kwenye Bedrock ngao inainuka ukichutama, kwa hiyo chutama, acha mmoja agonge ngao, simama, piga. Upanga wa chuma unamuua kwa mapigo 2. Usifululize kugonga kioo kama unakanda unga. Mnyama akipigwa anakaa karibu nusu sekunde hadhuriki tena, mapigo ya katikati yanapotea bure. Ngao inazuia mbele tu. Uwanja wazi na mbwa wanne, ngao ni pambo.

Njia ya wavivu, na ndiyo bora: ruka huku ukiweka bloku chini ya miguu, mara 3. Ukiwa juu ya nguzo ya bloku 3 hawakufikii. Kaa hapo ukiwa na upinde. Bloku 2 hazitoshi, mbwa anajua kuruka.

Ukiwa na mtumbwi kwenye begi, uweke chini mbele yako. Mbwa anayegusana nao anaingia na hatoki. Hii ni nzuri hasa mkibakiwa na mmoja au wawili.

Dubu. Fumbo la "leo mpole, kesho mkali" lina jibu moja: mtoto. Dubu mkubwa aliye peke yake hakugusi mpaka umpige. Akiwa na mtoto karibu, ukimsogelea mtoto tu, mkubwa anakuja, hata kama hukumwona mtoto kwa sababu ya theluji. Weupe juu ya weupe. Kwa hiyo mkiona dubu, kazi ya kwanza ni kuhesabu vichwa. Kuna kidogo? Zungukeni kwa umbali wa bloku 20 au zaidi. Usimpige mtoto hata kwa utani.

Hesabu zake: mioyo 15. Kwenye ugumu wa kawaida pigo lake ni kama mioyo 3, maana yake bila nguo za vita pigo la nne ndilo la mazishi. Wewe unahitaji mapigo 5 ya upanga wa chuma. Mkivaa seti kamili ya chuma, zaidi ya nusu ya pigo lake inapotea, na hapo vita inawezekana. Ila ya nini? Anatoa samaki. Samaki! Mtu wa Kigoma hawezi kupigana na dubu kwa ajili ya samaki.

Akiinuka kwa miguu ya nyuma, huo ndio wakati wa kuchutama na ngao, pigo linafuata. Msikimbilie majini, anaogelea vizuri kuliko ninyi. Kinachomwacha ni mtumbwi, tena juu ya barafu ndiyo unateleza zaidi kuliko majini. Kwenye bahari iliyoganda beba mtumbwi kila safari, uweke juu ya barafu, panda, nenda.

---

Nzega_Pro

Kwa hoglini vaeni dhahabu. Kofia moja tu ya dhahabu hawakugusi.

---

kibirizi_usiku (Kigoma)

Nzega, hapana. Hiyo ni kwa piglini, wale wanaosimama kwa miguu miwili. Hoglini hajali umevaa nini. Wengi wamekufa kwa ushauri huo. Kipande kimoja cha dhahabu bado ni lazima, kwa sababu kwenye msitu mwekundu wa Nether wanakaa wote wawili na hamtaki kupigana pande mbili, lakini chukueni viatu, vinakula vipande 4 vya dhahabu, kofia inakula 5.

Hoglini ni tofauti na wote waliotajwa hapo juu. Nyuki, mbwa na dubu wana sababu. Huyu hana. Akikuona anakuja. Ndiye mnyama pekee kwenye orodha yenu anayestahili kuitwa mkali, na anatakiwa kushughulikiwa kabla hajakuona.

Anaogopa vitu vitatu vikiwa ndani ya bloku 7: mlango wa Nether, nanga ya kuzaliwa upya, na ule uyoga wa samawati wa msitu wa Warped. Uyoga ndio wa kubeba. Msitu wa samawati hauzai hoglini, kwa hiyo nendeni huko kwanza, ng'oeni kwa mkono uyoga kama 12. Endermani, wale warefu weusi wanaokasirika wakitazamwa machoni, wamejaa kule, tazameni chini mkitembea.

Makosa matatu ya uyoga:

Kwanza, kuushika mkononi. Hausaidii kitu. Lazima upandwe.

Pili, haukai juu ya jiwe jekundu la Nether. Unakaa juu ya ile ardhi yenye ukungu ya misitu ya Nether, au udongo wa kawaida. Ukiwa kwenye jiwe tupu unabofya weee, haushiki, huku nguruwe anakuja. Dawa yake ni mtungi wa maua (matofali 3 ya kuchoma). Uyoga ndani ya mtungi unafanya kazi sawasawa na uliopandwa, na mtungi unakaa popote. Kila mchezaji abebe mitungi 4 na uyoga 4.

Tatu, kungoja mpaka vita ianze. Panda ukifika, siyo ukirushwa. Mkifungua mlango wa Nether ukaangukia msitu mwekundu, mlango wenyewe unawalinda bloku 7. Tokeni nje ya hapo hatua 10, panda. Hatua 10 nyingine, panda tena. Maduara yanagusana, mnakuwa na njia salama mpaka mnakokwenda. Taa za dagaa ziwani usiku zinapangwa hivyohivyo, kila mtumbwi na mwanga wake.

Kupigana naye: mioyo 20, mapigo 6 au 7 ya upanga wa chuma. Ubaya wake si meno, ni kule kurusha. Anakupandisha hewani na unatua pasipojulikana, na Nether karibu kila pasipojulikana pana lava. Kwa hiyo chimba handaki fupi kwenye ukuta, kimo bloku 2, ingia ndani hatua 3, geuka. Dari inakuzuia kupaa, ukuta wa nyuma unakuzuia kusukumwa. Anakuja mbele yako, unapiga. Handaki hili linachimbika kwa sekunde chache, jiwe la Nether ni laini kuliko jiwe la kawaida.

Au nguzo ya bloku 3 na upinde kama Ujiji alivyosema, lakini siyo karibu na mwambao wa lava, na siyo pale gasti, wale wanaoelea hewani, wanapoonekana, watakushusha kwa bomu.

Mkipata chupa za kuzuia moto, ni dakika 3 za kuogelea kwenye lava bila kuungua, na ukiongeza redstone zinakuwa 8. Kwa kuwinda hoglini hiyo ndiyo bima. Vifaa vya almasi viacheni nyumbani. Lava haikurudishii, tofauti na kufa nchi kavu ambako vitu vinakusubiri dakika 5.

Kwa nini mtu amtafute mnyama huyu? Nyama. Anatoa vipande 2 mpaka 4 vya nguruwe, na Nether hakuna chakula kingine cha maana. Msije tu mkajaribu kumpitisha mlangoni kumpeleka dunia ya kawaida: baada ya sekunde 15 anageuka zoglini, na huyo haogopi uyoga, anashambulia karibu kila kinachopumua.

---

kaliua_laptopu

Maelekezo ni mazuri, naongeza kwa wanaocheza Java kwenye kompyuta wasije wakachanganywa. Huku ngao inainuka kwa kitufe cha kulia cha kipanya, si kwa kuchutama. Na upanga una muda wa kujikusanya: ukipiga harakaharaka kila pigo linakuwa dhaifu. Subiri upau ujae ndipo upige. Kwenye kundi la mbwa, ukiwa umesimama chini na upau umejaa, upanga wa Java unafagia na wa pembeni. Bedrock haina hiyo, ndiyo maana Ujiji anasisitiza mmojammoja.

Mmemsahau mbuzi wa milimani. Huyo hajakasirika na wala humwudhi. Kila baada ya sekunde 30 mpaka 300 anachagua kiumbe aliyetulia, anainamisha kichwa, anakipiga kumbo. Maumivu ni kama moyo 1, lakini ukiwa ukingoni unashuka bonde. Kuanguka bloku 3 za mwanzo ni bure, kila bloku inayofuata ni nusu moyo, kwa hiyo bloku 23 bila nguo za vita ni kifo. Milimani usisimame kupanga begi ukingoni. Ukitaka kusimama, kaa kwenye shimo la bloku 2. Na viatu vya ngozi (ngozi 4), kwa sababu kule kuna theluji laini inayomeza mtu, na viatu vya ngozi ndivyo vinavyotembea juu yake.

Lama anatema mate, nusu moyo, mpuuzeni. Samaki mwenye miiba msimsogelee, ana sumu. Basi.

---

Isevya_4G

Wakuu nimepata zaidi ya nilichoomba. Tumebadilisha vidhibiti simu zote nne, na moto wa kambi umeshakaa chini ya mzinga kwenye shimo.

Mawili yamebaki. Mbwa wa porini wanaingia zizini wanakula kondoo wetu, hao wana sababu gani? Na tukifuga mbwa, tukimpeleka kupigana anakufa mapema, hata na hiyo mioyo 20.

---

Ujiji_Redstone (Kigoma)

Kondoo ndio sababu. Mbwa asiyefugwa anawinda kondoo na sungura mwenyewe bila kuchokozwa na mtu. Uzio unatosha: mbao 4 na vijiti 2 vinatoa vipande 3. Kimo chake kwa wanyama kinahesabika bloku moja na nusu, hawauruki. Angalieni tu kwa nje pasiwe na bloku, kichuguu au majani yaliyobebana na uzio, maana hapo mbwa anapata ngazi. Na geti lifungwe. Nusu ya kesi za zizi ni geti. Kama mna lama, mfungeni karibu na zizi, mbwa mwitu wanamkwepa.

Mbwa kufa mapema, jibu ni mavazi ya amadilo.

---

mrina_wa_Sikonge

Nimalizie hilo la amadilo. Ni yule mnyama mdogo wa magamba anayejikunja kama kakakuona, anakaa savana na nyika nyekundu. Vazi la mbwa linahitaji magamba 6. Unayapata kwa kumsugua na brashi: unyoya 1, kipande cha shaba 1, kijiti 1. Brashi moja inasugua mara 4 tu kisha inakatika, kwa hiyo kwa vazi moja tengeneza brashi 2. Msogelee kwa kutembea, usikimbie, akiona mtu anakimbia anajikunja.

Mvalishe mbwa wako akiwa ameshafugwa na amekua, mtoto halimwingii. Vazi linabeba pigo lote badala yake mpaka lichakae, na unaona nyufa zinavyoongezeka. Likianza kupasuka, lizibe kwa magamba yaleyale ukiwa umemshika mbwa mbele yako, na kulivua ni kwa mkasi. Uhai wa mbwa unarudi kwa nyama. Hata nyama iliyooza ya zombi anakula na haimdhuru, kwa hiyo msitupe.

Na akiwa ameketi hakufuati kwenye vita. Mkiingia Nether mketisheni nyumbani kabla hamjavuka mlango, mbwa na lava havijui kukwepana.